Albamu ya mwisho ya Sleater-Kinney: ukomavu au makelele?

MtaaWaTano: Wakuu, Sleater-Kinney, kundi la rock la Marekani, The Woods (2005) ndiyo albamu waliyoagia, mwaka uliofuata wakavunja kambi. Kina dada watatu waliozoea gitaa kavu zinazojibizana, ilikuwaje wakaaga kwa makelele? Wimbo wa kwanza tu, The Fox, nilidhani spika imepasuka. Nilibadilisha hadi waya. Namlaumu prodyuza, Dave Fridmann.

BundiMzee: Waya! 😂 Kaka, sauti ile imepasuliwa makusudi. Wenyewe ndio waliofunga safari hadi studio ya Fridmann, huko mashambani jimbo la New York. Nani aliwashikia bunduki?

Kibao: Ndiyo kwanza walikuwa wametoka lebo ya Kill Rock Stars na kuhamia Sub Pop, lebo iliyowatoa Nirvana, kundi la rock ya makelele. Unganisheni wenyewe.

BintiTanga: Prodyuza mnamwonea. Kundi halina mpiga besi! Rock bila besi ni mchuzi bila nazi.

Nyakato: Dada, huku Mwanza sato hatumtii nazi na vidole tunaramba. Msitupangie.

BintiTanga: Sato wa maji na chumvi? Poleni.

Nyakato: Pole ya nini? Nyie mnaficha samaki aliyelala kwa tui.

FunditwaGitaa: Jamani, mada. Besi ya nini wakati wapiga gitaa wao, Corin na Carrie, wameshusha nyuzi toni moja na nusu? Uzito umo humo. Sikilizeni Let's Call It Love, dakika 11, Janet Weiss anazigonga ngoma kama mwenye nyumba anayedai kodi.

MtaaWaTano: Hiyo! Nilienda kuoga, narudi bado wanakwaruza.

BundiMzee: Ungeoga kabla ya kuanzisha uzi.

MtaaWaTano: Matusi sasa. Nimeuliza swali la muziki kwa heshima.

Kibao: Na hiyo "mwisho" mbona mmeimeza tu? 2015 walirudi na No Cities to Love, nyimbo fupi fupi, zimenyolewa. Janet naye akatoka 2019, kama sikosei mwezi mmoja hivi kabla ya albamu nyingine kutoka. Sasa ya mwisho ni ipi?

MtaaWaTano: Ya mwisho kwa wakati ule. Marehemu akifufuka, rambirambi hairudishwi.

FunditwaGitaa: Basi kubali waliaga kwa kishindo.

MtaaWaTano: Kishindo nakubali. Spika yangu ndiyo haijakubali.

Nyakato: BintiTanga bado hajanijibu kuhusu samaki aliyelala.