Nyanya zinaoza kitako, na kidole nilichochomwa mwiba kimevimba

Mwenye Miche 12
Habarini wapendwa, nina mambo mawili naombeni msaada. Nyanya zangu uani zimebeba vizuri, majani kijani kweli kweli, ila matunda haya ya kwanza likikaribia kuiva tu pale chini kwenye kitako linatokea baka kama limelowa maji, baadae linakuwa jeusi limebonyea, linakauka kama ngozi. Upande wa juu halina neno kabisa. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili hakuna kitu. Kumwagilia ni hivi, siku za kazi nachelewa kurudi kwa hiyo zinaweza zikapita siku tatu nne bila maji halafu wikendi nazimwagia mpaka zinaogelea. Mbolea ya kukuzia naweka kila wiki.

La pili, juzi nikiwa napogoa waridi lililo pembeni ya nyanya mwiba umenichoma kidole cha kati, na nilikuwa nimetoka kutandaza samadi kwa mikono mitupu. Nikafuta damu kwenye suruali nikaendelea na kazi. Leo siku ya tatu kimevimba, chekundu, usiku kinapwita mpaka silali. Mwiba haukuwa na kutu kwa hiyo pepopunda sidhani kama inahusika, au? Nisubiri kwanza?

Dada Samadi
Usisubiri. Mimi ni nesi na bustani ninayo pia kwa hiyo naanza na kidole, nyanya watakujibu wengine. Hilo la kutu linatuponza wengi. Kutu haina pepopunda, vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, yaani hiyo samadi uliyoshika, na tundu dogo la mwiba linaloingia ndani na kujifunga juu ndio wanapopapenda maana hakuna hewa. Dalili zinaweza kuchelewa, mara nyingi kati ya siku 3 na 21, taya linakaza, kumeza shida, misuli inakakamaa, na ukifika huko ni kulazwa. Chanjo ya mwisho ulichomwa lini? Kwa kidonda kichafu kama hicho ikiwa imepita miaka 5 au hukumbuki unaongezewa nyingine, na kama hukuwahi kumaliza dozi za mwanzo sema ukweli wako maana kuna kinga ya ziada unaweza kupewa.

Halafu huo uvimbe wenyewe ni jambo lingine, hapo pengine kuna vijidudu vya kawaida vimeshaingia au kipande cha mwiba kimebaki. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usichokonoe na sindano. Nenda leo. Ukiona mstari mwekundu unapanda mkononi, au homa, au kidole hakikunjiki, hata kama ni usiku wa manane nenda. Una kisukari? Kama unacho ndio kabisa usilaze damu.

Mzee wa Matandazo
Nakubaliana na dada hapo juu, kidole kwanza. Kuhusu nyanya, acha dawa ya ukungu unapoteza bure, huo sio ugonjwa wa kuambukizana, ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalisiamu, lakini usikimbilie kudhani udongo wako hauna, mara nyingi ipo ya kutosha tu. Kalisiamu inasafiri na maji kutoka kwenye mizizi, na majani yanavuta maji mengi kuliko tunda, sasa ukikausha siku nne tunda ndio linakosa fungu lake, na kitako kiko mbali kabisa na kikonyo kwa hiyo kinaumia cha kwanza. Kuja kumwaga ndoo nzima wikendi hakurudishi kilichokwisha haribika. Na hiyo mbolea ya kukuzia kila wiki inazidisha, majani yanakimbia, mizizi haiwahi. Isimamishe kwanza.

Fanya hivi, mwagilia kiasi kile kile kila baada ya siku moja au mbili kutegemea jua, maji yazame chini sio kulowesha juu juu, kisha tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hivi ila zisigusane na shina. Usilime karibu na shina ukakata mizizi. Yaliyooza yachume, mmea usihangaike nayo. Mimi sehemu nzima huwa naila, nakata tu pale peusi, ila kama imeota ukungu natupa.

Jirani wa Waridi
Na maganda ya mayai je? Mimi nasaga naweka kwenye kila shimo.

Mzee wa Matandazo
Hayadhuru ndugu yangu ila yanaoza polepole mno, msimu huu hayamsaidii. Na kupulizia kalisiamu kwenye majani nako ni hivyo hivyo, haitoki kwenye jani kwenda kwenye tunda. Chokaa asiweke mpaka apime udongo aone una tindikali.

Jirani wa Waridi
Sawa nimeelewa. Mwenye miche, ukifika kwa daktari mtajie kwamba ni mwiba wa WARIDI na kwamba unashika udongo. Mimi nilichomwa, pakapona, wiki kadhaa baadae kikatoka kijipu kisichouma sana, kikafuata kingine juu yake, vikawa vinapanda mkono kama vimepangwa foleni. Nikapewa antibayotiki hazikufanya kazi, mpaka nilipotaja waridi ndio wakapima wakakuta ni kuvu, dawa yake nikanywa miezi. Yako ya siku tatu sio hiyo, ila ukiona kitu kama hicho huko mbele ujue pa kuanzia.

Mwenye Miche 12
Nimetoka hospitali sasa hivi. Kipande cha mwiba kilikuwemo kweli, kimetolewa, nimechomwa chanjo na nimepewa vidonge vya siku saba, kesho kutwa narudi wakiangalie. Kisukari sina. Chanjo ya mwisho hata sikumbuki, nafikiri nilikuwa shule. Asanteni sana jamani, dada nesi nakushukuru mno, nilikuwa nimepanga kusubiri mpaka wiki iishe. Nyasi kijana wangu ndio anazitandaza sasa hivi, nimemvalisha glavu.