Ushauri: Wajerumani wametuletea andiko la mradi wa kubadilishana vijana likiwa limeshajazwa, nisaini?

Kijana wa Mwalo (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana uzi ukirefuka hamsomi.

Ni mratibu wa kikundi cha vijana hapa Mwanza. Tuko kama thelathini, tunasafisha mwalo (pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki) upande wa Kirumba na kuelimisha watu kuhusu plastiki ziwani. Ofisi hatuna, tunakutania bandani kwa fundi boti. Laptop ni moja, yangu, na betri ilishakufa. Mwaka jana tukapata marafiki Ujerumani, chama kidogo cha vijana wanaotunza mto wa kwao. Wazo ni hili: vijana kumi wao waje huku Agosti ijayo siku 12, na kumi wetu waende kwao mwaka unaofuata. Fedha zitaombwa weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa kubadilishana vijana.

Jana wakanitumia andiko limejazwa kila kitu, kurasa 14, wanataka sahihi yetu kabla ya Ijumaa. Nimekesha nalo. Kwenye shughuli za Mwanza wameandika siku tatu za kupaka rangi shule ya msingi. Wakuu, hakuna mtu kwetu aliyewahi kutamka neno rangi!

Nikasema basi, niandike ratiba yangu. Asubuhi mada, mchana mada, jioni mada, mgeni rasmi kufungua na kufunga. Wamejibu kwa adabu kwamba huu ni mradi wa elimu isiyo rasmi, yaani vijana wajifunze kwa kutenda na kujadiliana, na ratiba yangu inafanana na darasa. Hapo nimekwama. Viza nayo watu wananitisha kwamba ni bahati nasibu. Na mwenyekiti keshaninong'oneza: "mpwa wangu usimsahau." Nawasilisha.

Chuma cha Reli

Tiketi wanalipa wao, unauliza nini? Saini, mengine mtajuana mbele kwa mbele.

Nahodha Mstaarabu

Mtoa mada usimsikilize huyo wa juu. Nimeratibu miradi ya namna hii mara tatu, mmoja ulikufa mikononi mwangu, kwa hiyo nisome taratibu.

Kwanza uelewe mlango mnaogonga. Fedha za weltwärts za vikundi kukutana zinatoka wizara ya maendeleo ya Ujerumani kupitia Engagement Global, shirika linalozisimamia, na mwombaji lazima awe chama cha Ujerumani. Vijana wa miaka 16 hadi 30, na mada ifungamane na yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya mwaka 2030. Ndiyo maana wenzako ndio wameshika kalamu. Si ubaya wao, fomu iko kwa Kijerumani na inawadai wao. Lakini fomu hiyohiyo inawauliza washirika walipangaje pamoja. Ukiwaandikia kwamba rangi itoke, hujawaudhi, umewaokoa.

Usiseme "hatutaki" ukaishia hapo. Peleka swali lenu. Kwa mfano: plastiki inayofika Kirumba inatoka wapi? Hilo ni swali ambalo Mjerumani na Msukuma wote hawana jibu lake mfukoni, na linabebeka hadi kwenye mto wao mwaka unaofuata. Siku ya kwanza vijana wanafuata mfereji mmoja kutoka mtaani hadi ziwani wakihesabu taka. Ya pili wanakaa na wachuuzi wa dagaa. Ya tatu wanabishana walichoona. Mwezeshaji kazi yake ni kuuliza: mmeona nini, mmejisikiaje, kwa nini iko hivyo, mtafanya nini. Bangokitita moja (yale makaratasi makubwa ya kuandikia mbele ya watu) na kalamu nne zinatosha. Mgeni rasmi mpe dakika kumi siku ya mwisho aone kazi, na hapo watakuwa wamemfanyia heshima kuliko hotuba.

Sasa viza, ndipo mradi wangu ulipofia. Kalenda yako ianzie ubalozini irudi nyuma. Maombi ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaruhusiwa kufika 45. Sisi tulipeleka wiki tatu kabla kwa sababu pasipoti zilichelewa, na pasipoti zilichelewa kwa sababu vijana wanne hawakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Nenda kesho, sitanii, uliza kila mmoja: cheti cha kuzaliwa kipo? NIDA ipo? Jina kwenye vyote viwili linafanana? Kuna "Yohana" wangu mmoja aliyekuwa "John" upande wa pili, ikabidi aape kwa wakili.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024. Ila kanuni zao zinawasamehe wawakilishi wa asasi zisizo za faida wenye miaka 25 au chini wanaokwenda kwenye shughuli ya kielimu au kitamaduni iliyoandaliwa na asasi isiyo ya faida. Wengi hawalijui hili na wanalipa. Barua ya mwaliko iseme hivyo waziwazi, na barua yenu iseme kijana ni nani kikundini. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Na kwenye bajeti weka nauli ya watu kumi Mwanza hadi Dar na kurudi, pamoja na malazi, kwa ajili ya kuchukuliwa alama za vidole ubalozini. Wajerumani hawatalifikiria, kwao ubalozi si safari ya kilomita zaidi ya elfu moja. Pasipoti ni shilingi 150,000 kila mtu, ulizeni mapema kama inaingia kwenye ruzuku au mnajichangisha.

Babu wa Igoma

Vijana mnaongea kama hiyo elimu isiyo rasmi imeshuka na ndege. Mwaka 1973 nilikuwa kiongozi wa kikundi kwenye Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio. Watu karibu milioni mbili nchi nzima walijiunga na vikundi. Tulikaa chini ya mwembe, redio moja, kijitabu kimoja. Tunasikiliza kipindi, msomaji anasoma, halafu ndipo kazi yenyewe: je, hapa kwetu ikoje? Wazee walikuwa wanabishana kuhusu choo mpaka jua linazama. Wiki ileile mnachimba. Mimi mwenyewe nilichimba futi kumi na mbili, nikakutana na mwamba, mnajua mawe ya Mwanza.

Kijana, ratiba yako ina redio tu, haina mwembe wala jembe. Ongeza hivyo viwili.

Kijana wa Mwalo

Babu shikamoo. Hapo umenimaliza kabisa. Nimeicheka ratiba yangu.

Mswahili wa Baridini

Niko Ujerumani mwaka wa sita, nimekuwa mkalimani kwenye mikutano ya vijana kama hii. Nikupe moja ambalo halimo kwenye andiko lolote. Kila jioni Wajerumani watataka mrejesho. Mnakaa duara, kila mtu aseme leo ilikuwaje. Vijana wetu watasema "nzuri tu", "hakuna shida". Mgeni unamwambiaje usoni kwamba chakula chake hakijakushibisha? Saa nne usiku grupu la WhatsApp la Waswahili linawaka moto: jana tumelala njaa, yule kaka ananikata kauli, ratiba inatuchosha. Wajerumani hawajui lolote, siku ya saba kunalipuka.

Tulichofanya mara ya mwisho: vikombe viwili nyuma ya pazia, kimoja cha "sawa" na kingine cha "haiko sawa", kila mtu punje moja ya mahindi. Tukamwaga mezani. Punje kumi na moja upande wa "haiko sawa"! Hakuna aliyejua ni za nani, na mazungumzo yakaanza yenyewe. Kumbe nyingine zilikuwa za Wajerumani.

Halafu ule usiku wa tamaduni, tafadhali msiwavalishe vijana majani mkacheze. Wafundisheni kupika dagaa.

Mama Nyanza

Suala la mpwa mnalipita kimyakimya. Vigezo viandikwe sasa, kabla hakuna jina lolote mezani, vibandikwe hapo bandani: amehudhuria usafi mara ngapi, ana kazi gani kwenye mradi akirudi nyumbani, nusu wasichana. Mpwa akitimiza, aende. Asipotimiza, ni karatasi imemkataa, si wewe. Mwenyekiti mwombe asaini vigezo hivyo mbele ya wote.

Na wasichana usiwaite kikaoni tu. Nenda nyumbani kwao ukae na wazazi, nenda na mwanamke mtu mzima atakayesafiri nao. Binti yangu alizuiwa na baba yake, si kwa Ulaya, ni kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia atalala wapi. Kwa walio chini ya miaka 18 ridhaa ya wazazi ni lazima hata hivyo.

Chuma cha Reli

Na wakizamia?

Nahodha Mstaarabu

Swali la haki. Aliyesafisha mwalo miaka miwili na ana jukumu linalomsubiri ni tofauti na aliyeletwa wiki ya mwisho na mjomba. Afisa wa viza naye anatafuta kitu hichohicho: huyu ana cha kurudia?

Wakili wa Mtaani

Nyongeza fupi. Kama sehemu ya fedha itapita kwenye akaunti yenu na ninyi ni NGO, mkataba unaozidi shilingi milioni 20 unatakiwa kufika kwa Msajili wa NGO. Mpitie afisa maendeleo ya jamii wa wilaya kabla, si baada. Na wageni wakija, shughuli iitwe jina lake. Viza ya matembezi si kibali cha kufanya kazi, hata ya kujitolea. Uhamiaji waulizwe mapema.

Kijana wa Mwalo

Wakuu asanteni. Mrejesho: nimewaandikia kwamba sisaini Ijumaa, nikapendekeza tukutane kwa video Jumamosi, vijana watatu kila upande, bila mwenyekiti wala wa kwao. Wamekubali ndani ya saa moja, na msichana mmoja akakiri kwamba rangi ya shule waliinakili kutoka andiko la miaka ya nyuma. Leo jioni tumekagua karatasi bandani. Kati ya thelathini, kumi na saba hawana NIDA. Mmoja wao ni mimi.

Vigezo tumevibandika. Mwenyekiti kasaini, ila kaniangalia vibaya.