Tumbo limetulia kidogo, naweza kutoka usiku wa leo?

begi_kilo12

Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri wa haraka maana giza linaingia na wenzangu washaanza kuoga wajiandae. Nipo safarini na begi langu mgongoni wiki ya tatu sasa, nalala hosteli chumba cha vitanda nane, na siku nne zilizopita tumbo lilinichafuka vibaya mno, usiku wa kwanza nilitapika mpaka ikawa yanatoka maji ya njano tu, kuendesha ndo usiseme, nilitandika taulo chini karibu na mlango wa choo nikalala hapo hapo maana kupanda kitanda cha juu na kushuka tena nilikua siwezi. Jana kutapika kukakoma. Leo nimeenda choo mara mbili tu tangu asubuhi, laini lakini sio maji. Homa sina, damu sijaona.

Sasa huu mji niliuweka kwenye ratiba kwa ajili ya muziki wake wa usiku, bendi zinapiga laivu mpaka alfajiri, nimejibana miezi mingi nipate hela ya kuja, na siku zote nne nimeusikia kupitia dirishani nikiwa nimejikunja. Kesho ndo usiku wa mwisho, keshokutwa asubuhi nina basi la masaa tisa. Nikitoka leo nikanywa bia mbili, nikacheza kidogo nikarudi, kuna ubaya? Jamaa wa kitanda cha pili alinipa vidonge vya metronidazole, natumia tangu juzi na naona kama ndo vimenisaidia.

zamu_ya_usiku

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni nesi na nianzie hapo mwisho, kwenye hivyo vidonge. Metronidazole na pombe havikai pamoja. Kipeperushi chake kinakataza pombe wakati unaimeza na angalau saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, na ile ndugu yake tinidazole ni saa 72. Watu wanaochanganya wanaweza kuwaka uso, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma na kutapika kukaanza upya, na wewe kutapika kumekuacha jana tu. Hata ukisema umeacha dawa sasa hivi, saa 48 zikiisha utakua unashuka kwenye basi. Kwahiyo bia ya leo na ya kesho iondoe kichwani kabisa.

Halafu nani alikwambia unaumwa kitu kinachotibiwa na metronidazole? Hiyo inaua vimelea vya tumboni kama amiba na giardia, na aina fulani za bakteria. Kinachowaangusha wasafiri mara nyingi ni bakteria wa jamii ya E. coli au virusi, na hao haiwafanyi kitu. Kuharisha kwa safarini kwingi kunaisha kwenyewe siku ya tatu mpaka ya tano, nawe upo siku ya nne, ndo maana unadhani ni dawa. Kesho asubuhi pita kwa mfamasia au kliniki, waeleze mwenyewe wakwambie uendelee au uache, usiende na uamuzi wa jamaa wa kitanda cha pili hata kama ana roho nzuri.

Umekunywa nini siku hizi nne? Hujasema na ndo kitu nilichokua nakitafuta kwenye maelezo yako.

begi_kilo12

Asante dada. Maji, tena mengi, na soda mbili tatu. Kula nimekula biskuti.

zamu_ya_usiku

Maji matupu hayatoshi na soda ina sukari kupita kiasi, inaweza kuvuta maji kuyaingiza kwenye utumbo na kuharisha kukaongezeka. Tafuta pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, duka lolote la dawa. Ukikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe sawa sawa sio vya kurundika, koroga mpaka iyeyuke. Usiongeze chumvi ukidhani utapona haraka, chumvi ikizidi ni hatari.

Watu wanadharau hii kitu kwasababu ni rahisi, kwahiyo niseme inavyofanya kazi. Utumbo ukiwa mgonjwa unashindwa kufyonza maji vizuri, ila kuna mlango mmoja unabaki wazi ambao sukari na chumvi zinapita zikiwa zimeshikana, na zikipita zinayavuta maji. Ukitoa kimoja mlango haufunguki. Mwaka 1971 kwenye kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh kipindupindu kiliua watu wengi sana, dripu ziliisha, daktari Dilip Mahalanabis akaanza kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka chini ya 4. Mimi kila nikichanganya jagi moja wodini nawakumbuka wale watu.

mguu_na_njia

Nimesoma hii nikashika kidevu changu maana kina alama ya nyuzi tatu. Mimi nilitoka siku ya tano. Najisikia freshi kabisa, yaani ile furaha ya kuweza kusimama tena ikanidanganya, nikaingia klabu ya chini ya ardhi hakuna hewa, watu wamejaa, nimekula mkate mkavu mchana, nikanywa glasi mbili nikacheza kama saa nzima, jasho linatiririka. Nikaenda kukaa. Nilipoinuka tu macho yakaingia giza na nikaja kushtuka niko sakafuni, watu wamenizunguka na damu kifuani. Daktari aliyenishona akaniambia tumbo lilishapona, mwili ndo ulikua mkavu, na pombe inakukojoza ukaukie zaidi.

Tangu hapo nina vipimo vyangu. Kwanza mkojo, ukiwa wa rangi ya chai sitoki, nasubiri uwe mwepesi kabisa na niende haja ndogo kawaida mchana kutwa. Pili nainuka haraka kitandani, kichwa kikizunguka basi narudi kulala. Tatu nataka siku nzima moja nile chakula cha kueleweka na kikae, wali, viazi vya kuchemsha, ndizi, mayai, sio biskuti. Kwa mtazamo wangu siku ya kuogopa ni ile unayojisikia vizuri kwa mara ya kwanza. Ukiwa hoi hauendi popote hata hivyo.

Leo lala dada. Una kesho.

kinanda_cha_kona

Nakubaliana na waliotangulia ila sipendi aondoke mji huo bila kusikia kitu alichokifuata, kwangu hilo nalo ni hasara kubwa. Nenda kesho, na nenda kwa muziki. Nimekaa miaka mingi nasafiri na pombe siitumii, na usiku wa bendi laivu nakumbuka mpaka wimbo gani ulifungua na gitaa lilikatika uzi wapi, wenzangu asubuhi wananiuliza mimi kilitokea nini.

Chagua sehemu ya wazi yenye upepo, sio chumba kimefungwa. Fika mapema upate kiti cha pembeni, choo ukijue kilipo kabla hujakaa. Beba chupa yako mwenyewe ya ORS na uinywe kidogo kidogo, na karatasi za choo mfukoni usizitegemee za huko. Barafu achana nayo, kugandisha hakuui vijidudu na hata pombe kali iliyomiminwa juu yake haitoshi kuviua. Vyakula vya usiku wa manane vilivyokaa nje vimepoa pia hapana, ukishikwa na njaa kula kitu kinachotoka jikoni kinafuka moshi. Hela ya kurudi iweke mfuko tofauti, na mwambie mtu mmoja, mmoja tu anayeaminika, kwamba ulikua mgonjwa na ukimgusa bega mnaondoka bila maswali.

chumba_namba_tatu

Naongezea kwa upande wa sisi tunaolala nao chumba kimoja. Kama ilikua virusi, norovirus hasa, unaendelea kuvitoa kwenye choo siku nyingi baada ya kupona, inaweza kufika wiki mbili na zaidi. Zile jeli za mkononi hazina nguvu kwa norovirus, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usimpikie mtu mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe, na huko usiku usipokezane glasi na mtu hata mkiwa na furaha namna gani. Niliwahi kuona chumba kizima cha watu kumi kinalala chini kwa siku tatu, ilianza na mmoja tu.

Na dada kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kilichotapikwa ndani ya saa tatu baada ya kumezwa usikihesabu kama umekimeza, na ukiharisha sana zaidi ya saa 24 ni kama umeruka. Soma karatasi yake, tumia kondomu. Hili hakuna anayelitaja kwenye mambo ya tumbo na ndo usiku wa muziki linapotakiwa kukumbukwa.

begi_kilo12

Nimebaki. Nimechanganya lita, napiga funda funda. Kuhusu basi, nimeze zile za kufunga choo?

zamu_ya_usiku

Loperamide kwa safari ya masaa tisa sio mbaya kwa mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo, ila ifahamu kua inapunguza mwendo wa utumbo tu, ugonjwa haiuondoi. Kama choo kinaendelea kuwa kigumu hauna haja nayo. Ikija homa, damu, au ukashindwa kushika hata maji, acha hilo basi liende, wewe nenda hospitali. Na kama wiki mbili zijazo tumbo linajaa gesi na unacheua harufu ya yai viza, kapime giardia.

begi_kilo12

Naandika nikiwa kwenye basi. Jana mchana mfamasia aliniachisha vile vidonge, nikala wali na mayai mara mbili vikakaa. Jioni nilikaa uwanjani kwenye kiti cha pembeni kama nilivyoambiwa, chupa mapajani. Wimbo wa kwanza nilisikiliza tu, wa pili machozi yakanitoka sijui kwanini, nadhani ni zile siku nne za dirishani. Wa nne nikasimama nikacheza taratibu hapo hapo nilipo nikishikilia kiti. Saa sita kasoro nikamgusa bega mwenzangu wa chumba na tukaondoka, hakuuliza chochote, na bendi tuliendelea kuisikia njia nzima mpaka mlangoni.

Dada nesi, mkojo wa leo asubuhi mweupe kabisa. Basi limesimama watu wachimbe dawa, ngoja nami nishuke, sabuni ninayo.