Sukari ya mwanangu imepanda tangu aanze kemo, nimnyime chakula?

Mama Kijana, Tanga
Habari za jioni wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 14, ana saratani ya damu, lukemia kali ya limfu, na yuko kwenye duru ya kwanza ya matibabu. Anameza prednisoloni, dozi kubwa asubuhi na ndogo mchana, anachomwa vinkristini na pia asparajinesi. Wiki iliyopita nikamwona anamaliza jagi zima la maji na bado koo limekauka, usiku haishi kwenda kukojoa. Kupimwa: asubuhi kabla ya kula 5.9, jioni 18.2. Wamemwanzishia insulini na tumeruhusiwa, tunarudi kliniki kila wiki.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Baba yake mdogo ana kisukari, basi ukweni wanasema ni ya ukoo, mtoto atachoma sindano maisha yake yote. Jirani anataka nimwachishe prednisoloni kwa kuwa ndiyo inayomvimbisha uso. Na mwenyewe njaa haimwishi, jana nimekuta maandazi chini ya mto. Nimnyime? Miguu imekonda hadi naona huruma kumvalisha suruali.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto
Pole sana mama. Nianze na jirani: usiiache prednisoloni, hata siku moja, bila daktari. Hiyo ni sehemu ya dawa inayoua seli za saratani, na mwili uliokwisha kuizoea ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka vibaya.

Sukari imepandishwa na dawa mbili kwa pamoja. Prednisoloni inalifanya ini limwage sukari kwenye damu, huku misuli ikigoma kuitikia insulini. Asparajinesi inazinyima seli za lukemia asparajini, kijenzi cha protini ambacho haziwezi kujitengenezea. Lakini kongosho nalo linaathirika, insulini inapungua. Ukoo wenye kisukari unaongeza uwezekano, ni kweli, ila kwa watoto wengi sukari hushuka dawa hizi zikimalizika.

Asubuhi isikudanganye. Dozi kubwa anameza asubuhi, kwa hiyo sukari inapanda mchana na jioni. Mpime kabla ya chakula cha mchana, kabla ya cha jioni na kabla ya kulala, uandike kwenye daftari uende nalo kliniki. Na kama ameongezewa damu, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kisitegemewe, maana chembe nyingi si zake.

Chakula usimnyime, anahitaji nguvu. Ondoa soda, juisi za boksi, uji wenye sukari, na hasa ile glukosi ya unga ambayo kila anayekuja kumwona mgonjwa huleta. Mpe ugali wa dona, maharage, samaki, mayai yaliyoiva kabisa, mchicha. Njaa ikimshika usiku, karanga zilizokaangwa vizuri au yai ni bora kuliko andazi.

Akiumwa tumbo sana huku maumivu yakipenya mgongoni na anatapika, kimbieni hospitali, kongosho linaweza kuwa limevimba. Vivyo hivyo akihema haraka na kwa kina, akisinzia ovyo, au homa ikifika 38.

Mama wa Watatu
Dada, wangu ilikuwa kinyume. Alipofika kwenye vidonge vya awamu ya mwisho, vya kuzuia saratani isirudi, merkaptopurini, alikuwa anaamka alfajiri amelowa jasho, anatetemeka, haelewi ninachomwambia. Sukari 2.9! Daktari akahamishia vidonge asubuhi, nami nikawa simlazi bila ugali au kiporo cha wali na maharage. Ikatulia. Kwa hiyo ukimaliza hii ya kupanda, hiyo ya kushuka nayo uijue.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto
Asante kwa kuikumbusha. Hata sasa, mama, akichoma insulini halafu akatapika au akakataa kula, inaweza kushuka. Ikiwa chini ya 4, mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji pale pale, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amezimia usimpe kitu mdomoni. Na prednisoloni ikianza kupunguzwa, ulizia insulini ipunguzwe nayo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi sukari hushuka ghafla.

Mama Kijana, Tanga
Mungu akulipe dada. Glukosi ya unga ninayo kopo mbili, zilikuja na wageni, nilikuwa namchanganyia kila akichoka. Zimeondoka leo. Lingine: friji sina, insulini naihifadhi kwa jirani, na usiku siwezi kugonga.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto
Chupa mpya ziache kwa jirani, lakini zisikae kwenye sehemu ya barafu, insulini iliyoganda haifai tena. Ile unayoitumia inaweza kukaa nje kama wiki nne, mradi joto lisizidi 25 hadi 30. Kwa Tanga, weka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati ujaze mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi, kiwe kivulini penye upepo. Chupa uifunge kwenye mfuko isiguse maji, na uandike juu yake tarehe uliyoifungua.