Steve Tikolo kabla ya 2003: alianzia wapi?

Swali
Ndugu wapenzi wa kriketi, Steve Tikolo ninamfahamu kama nahodha aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Je, sifa yake ya upigaji ilitokana na mashindano hayo, au alikwisha kuijenga mapema?

Jibu la 1
Alikwisha kuijenga. Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971, na kaka zake, Tom na David, nao waliichezea timu ya taifa, hivyo mchezo huu aliukuta nyumbani. Aliichezea klabu ya Swamibapa, kisha msimu wa 1995/96 akaenda Afrika Kusini kuichezea Border, timu ya jimbo ya huko, jambo ambalo Wakenya wachache mno walikuwa wamelipata. Februari 1996, Kenya ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia mjini Cuttack dhidi ya India, alipata mikimbio (yaani pointi za kriketi) 65.

Jibu la 2
Ninakubaliana nawe, ndugu, ila mechi ya Kombe hilohilo mjini Kandy, Sri Lanka, mwezi uliofuata ndiyo inayomweleza zaidi. Sri Lanka, ambao baadaye walitwaa kombe, walikuwa wamekusanya mikimbio 398, rekodi ya wakati huo, na mtu angetarajia wapigaji wetu wakate tamaa. Tikolo alijibu kwa mikimbio 96, na Kenya ikamaliza na 254. Mwaka 1997, katika fainali ya Kombe la ICC (mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia) mjini Kuala Lumpur, alipata 147 kati ya 241 za timu nzima. Mvua ilivuruga ratiba, lengo la Bangladesh likapunguzwa hadi mikimbio 166 katika ova 25 (ova moja ni mipira sita), nao wakalifikia kwenye mpira wa mwisho kabisa. Kwangu mimi, hakuna Mkenya aliyewahi kupiga vizuri kuliko siku ile.

Jibu la 3
Niongeze kwamba hata katika nusu fainali ya 2003 mjini Durban, ambayo India walishinda, alipata mikimbio 56, na urushaji wake wa mpira pia uliisaidia sana timu. Linaloniuma ni kwamba Bangladesh walipewa hadhi ya kucheza mechi za Testi, zile za siku tano za kiwango cha juu kabisa, mwaka 2000, ilhali Kenya haikuipata kamwe. Kwa hiyo mpigaji mwenye subira na ufundi wa kiwango chake hakupata hata mara moja kupimwa katika mechi ya namna hiyo.