PhD ya uuguzi kwa masafa: chuo kimenichelewesha chenyewe, sasa kinanitoza ada ya kuchelewa

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 kazini, wodi ya njiti, hospitali ya halmashauri moja Kanda ya Ziwa. Huu ni mwaka wa nne nasoma PhD ya utafiti wa uuguzi kwa njia ya masafa. Chuo kipo Uingereza, jina silitaji kwa sababu nataka kukata rufaa kwao. Jana asubuhi nimetoka zamu ya usiku, viatu sijavua, nafungua baruapepe nakuta natakiwa kulipa pauni 1,150 za kuongezewa muda kabla ya tarehe 30, la sivyo usajili unafutwa. Ni karibu milioni nne za kwetu. Na huo muda wameula wao!

Nianze na kibali cha maadili ya utafiti, ambacho bila hicho huruhusiwi kukusanya data. Bodi ya hapa nchini inataka barua ya chuo inayosema pendekezo la utafiti limepitishwa. Sawa kabisa, utaratibu uko wazi na unajulikana tangu mwanzo. Chuo kikasema hakitoi barua mpaka kione kwanza kibali cha nchi ambako data itakusanywa. Nikawaandikia, nikaambatisha mwongozo, nikapigia mstari kipengele chenyewe. Wakajibu wamepokea. Nikaandika tena, wakajibu wamepokea. Miezi tisa! Mwishowe akaja karani mpya pale ofisini kwao, akasoma, akaandika barua ya aya mbili siku hiyohiyo. Miezi tisa kwa aya mbili. Na ndiyo hiyo miezi tisa ninayodaiwa leo.

Halafu semina. Ni za lazima, kila Alhamisi saa 11 jioni kwao. Majira yao ya baridi hiyo ni saa 2 usiku kwetu, wakati napokea ripoti ya wodi. Nani anipokelee watoto kumi na moja ili mimi niingie Zoom? Niliomba rekodi, nikaambiwa semina hazirekodiwi ili washiriki wawe huru kuongea. Nikaandikiwa mahudhurio hafifu. Wakati tangazo lao lililonivuta lilisema soma bila kuacha kazi!

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Utafiti wangu ni wa mama kangaroo usiku. Wasiojua: mtoto njiti anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa na kitenge, anapata joto na kunyonya. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo ukilinganisha na waliosubiri watulie kwanza. Mwaka uliofuata WHO ikatoa mwongozo: ianze mapema, na mtoto akae kifuani kwa muda wa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Msimamizi wangu wa kwanza alilielewa hili vizuri. Akastaafu, sikuambiwa, nilijua kwa lile jibu la baruapepe linalojituma lenyewe. Nikakaa bila msimamizi kuanzia Februari hadi Juni, ada inasoma. Aliyekuja akaniambia swali langu limeshajibiwa mwaka 2021, nitafute mada nyingine. Mwaka wa tatu huo, data nimeshakusanya!

Limejibiwa wapi? Jaribio lile lilifanyika kwenye vitengo ambako mama aliwekewa kitanda ndani ya chumba cha mtoto mgonjwa. Kwetu mama aliyefanyiwa upasuaji yuko wodi ya wazazi ng'ambo ya uwanja, mtoto yuko kwangu, na usiku niko peke yangu. Saa 8 usiku nani anamleta? Nani anamfunga mtoto upya kitenge kikilegea? Hilo ndilo swali langu, na hakuna anayeliuliza isipokuwa sisi tulio humo ndani.

Akakubali kwa shingo upande, tukaja kwenye lugha. Mama mmoja, mtoto wake gramu 1,250, mshono bado mbichi, aliniambia: "Nikimweka hapa namsikia anavyopumua, wakimtoa nasikia uchungu." Nilimuuliza uchungu wa wapi. Hakugusa tumbo, aliweka mkono kifuani, pale mtoto alipokuwa. Nikaandika hivyo hivyo, na maelezo ya tafsiri nikayaweka. Msimamizi akanirudishia: mshiriki analalamikia maumivu ya upasuaji, liweke kwenye fungu hilo. Nikaeleza tena kwamba uchungu kwa Kiswahili ni wa kuzaa, wa mwili na wa moyo, na huyu alinionyesha kwa mkono wake. Jibu likawa tafsiri zangu haziaminiki. Mahojiano yote 22 yatafsiriwe upya na mtu mwingine, na wa tatu ayarudishe Kiswahili, kwa gharama yangu.

Nikawatafutia msimamizi wa nyongeza, muuguzi mwenye PhD, yuko Dar, anakijua Kiswahili na anaijua wodi. Kanuni zao zinaruhusu. Wakamkataa kwa kuwa hayumo kwenye orodha yao.

Kazini nako sina pa kushika. Nimeomba ruhusa ya masomo mara mbili, naambiwa unasoma ukiwa nyumbani, ruhusa ya nini? Ada ya kwanza nilikopa benki, bado nakatwa mshahara. Ya pili VICOBA. Hii ya sasa sina, na kwenye mikopo ya kausha damu siendi.

Wakuu, aliyewahi kukata rufaa ya ada ya kuongezewa muda kwenye chuo cha nje aniambie aliambatisha nini na aliandika kwa nani. Baruapepe zote ninazo, zimepangwa kwa tarehe, za kibali peke yake ni 31.

NYONGEZA: Wanaoniambia nihamie chuo cha ndani, nimeshauliza. Wananipokea, ila naanza upya pendekezo na kibali. Na wale akina mama 22 walinipa ridhaa kwa utafiti ule. Baadhi yao walinisimulia wakiwa wameshapoteza watoto. Siwezi kuwarudia nikawaambie tuanze tena. Mdau aliyeuliza kuhusu majarida: hospitali yetu haimo kwenye Hinari, mpango wa WHO wa taasisi kusoma majarida ya afya mtandaoni, chuo cha uuguzi cha jirani kimo, ndiko ninakosomea Jumamosi. Maktaba ya chuo changu ilinifungia siku ileile ya barua ya deni.