Maziwa ya kukamua: mezani, friza au deli la barafu? (Joto la Dar na umeme wa kukatika)

Mama Nailah, Mbagala
Habari za jioni wapendwa. Likizo yangu ya siku 84 inaisha, narudi kazini Posta. Natoka alfajiri, narudi giza limeingia, na mtoto anabaki na bibi yake. Nataka aendelee na maziwa yangu peke yake mpaka afikishe miezi 6. Nina njia tatu: nikamue alfajiri niyaache mezani yamefunikwa, nijaze friza kidogo kidogo kuanzia sasa, au niwe nakamulia kazini na kuyabeba kwenye deli dogo la barafu. Umeme kwetu hauaminiki. Halafu kuna suala la kupasha: wifi ana maikrowevu, mama mkwe anasema yachemshwe kwenye sufuria kama ya ng'ombe. Mliopita huku, ipi inafaa?

Bint Kisauni
Mezani iondoe kabisa, dada. Yale masaa 4 wanayoyataja ni ya chumba chenye nyuzi 25 au chini yake. Huku Mombasa mwezi wa pili ukuta wenyewe una joto, na Dar ni vilevile. Bora friji: maziwa mabichi yanakaa mpaka siku 4. Ila yasukume nyuma kabisa, usiyaweke mlangoni. Mlango unafunguliwa kila mtu akitaka maji, na baridi ya pale haitulii.

Mama Pacha
Mimi nasimama na deli, tena kwa nguvu zote. Ukiwa na barafu ya kutosha na kifuniko kinabana, maziwa yanakaa mpaka masaa 24, umeme uwepo usiwepo. Gandisha chupa za maji za nusu lita usiku, asubuhi zipange kushoto na kulia, vikopo vya maziwa vikae katikati vikigusana nazo. Chupa ni nzuri kuliko barafu ya vipande kwa sababu ikiyeyuka haimwagi maji kwenye vifuniko. Ukifika nyumbani hamishia kwenye friji hapohapo.

Na kazini usikamulie chooni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ongea na mwajiri kabla hujarudi, mpate chumba chenye mlango na pa kunawa mikono.

Baba Kulwa
Shemeji, friza usiitupe. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, inashika baridi kama siku 2 bila umeme. Ikijaa nusu, siku 1 hivi. Sisi tulijaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Gandisha pia kikombe cha maji, kisha weka sarafu juu ya barafu. Mkirudi safari mkaikuta sarafu imezama, jueni umeme ulikatika muda mrefu na vitu viliyeyuka, hata kama sasa vimeganda tena.

Nesi Temeke
Mmesema vizuri, naongeza ya kazini kwangu. Mama Nailah, tumia vyote viwili: deli kwa maziwa ya kila siku, friza kwa akiba. Gandisha kidogo kidogo, mililita 60 hadi 120, uache nafasi juu maana yakiganda yanavimba. Andika tarehe, ya zamani yatangulie. Miezi 6 ni muda mzuri wa friza. Ukiyayeyusha ndani ya friji, yatumike ndani ya masaa 24 na yasigandishwe tena. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa, mwisho masaa 2, kisha yamwagwe. Najua inauma, ndiyo maana nasisitiza vipimo vidogo.

Kupasha: maikrowevu hapana. Inapasha mahali na mahali, chupa ya nje unaiona vuguvugu kumbe katikati kuna moto wa kumbabua mtoto mdomo. Kuchemsha nako kunaua kinga nyingi zilizomo. Chukua bakuli la maji ya moto ambayo hayapo jikoni tena, simamisha kikopo kilichofungwa humo dakika chache, zungusha taratibu ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike, kisha dondoshea ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie moto. Na mtoto akiyakubali bila kupashwa, hayana tatizo.

Bibi mfundishe kikombe kidogo badala ya chupa, ni rahisi kukisafisha. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo, ayalambe mwenyewe. Asimmiminie.

Mama Nailah, Mbagala
Asanteni sana. Naanza na deli, na akiba ya friza naikamua kila asubuhi akishashiba. Mama mkwe nitakaa naye Jumamosi tufanye bakuli pamoja. Swali la mwisho: niliyoyayeyusha jana yalinuka kama sabuni. Yameharibika?

Nesi Temeke
Hapana. Ni kimeng'enya cha kwenye maziwa kinachovunja mafuta, kwa baadhi ya akina mama kina nguvu zaidi. Mpe, ni salama. Yakinuka uchachu mkali kama maziwa yaliyolala, hayo mwaga. Akiyakataa yale ya sabuni, usijaze friza kwanza; mpe yaliyokaa friji siku moja uone kama anayapokea.

Mama Pacha
Na mwonjeshe kikombe kuanzia wiki hii, wewe ukiwa chumba kingine. Wangu walikuwa wanakataa wakisikia harufu yangu karibu.